Mwanangu, mwachie huyo binti ulimi wake

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako na kwa wajukuu zangu. Nilifika salama. Nimejaribu kukupigia simu mara tatu tangu juzi, na mara zote tatu nimekata kabla hujapokea. Kwenye simu ningelia, au wewe ungesema "mama, nakupigia baadaye" kama unavyosema siku hizi. Barua utaisoma hadi mwisho hata ukikasirika, maana utataka kujua nimesema nini.

Jumatano usiku nilipokuwa kwako nilitoka nyuma ya nyumba kuchota maji ya kutawadha. Yule binti wako wa kazi alikuwa kwenye karo anasugua sufuria. Hakunisikia. Alikuwa anasema peke yake, kwa sauti ya chini, kama anayemjibu mumeo kwenye simu: "Ndiyo baba, wamefika kwenye linta. Mafundi wanakuja kila siku." Ananyamaza, anaanza upya. "Ndiyo baba, wamefika kwenye linta." Mara anatanguliza salamu, mara anaiacha. Safari moja ulimi ukamteleza, akasema "wamefika kwenye msingi", akajipiga kofi mdomoni. Kofi dogo, lakini nililisikia. Akaanza tena. Nilisimama pale na birika mkononi mpaka miguu ikapata baridi.

Asubuhi yake ndiyo nilikuona unamkunjia noti nyekundu ya 20,000 kiganjani. Ulidhani naangalia televisheni.

Ilinipasa kuongea palepale, sikuongea. Nisamehe kwa hilo. Nilikuambia naenda Mukono kumjulia hali rafiki yangu wa zamani, na wewe ukanipa nauli. Nilikwenda kwenye kiwanja chenu. Niliukuta msingi, majani yamenifika magotini, na mbuzi wa mtu amefungwa kwenye nondo. Ile picha mkwe wangu aliyonitumia kutoka jeshini Mogadishu mwezi uliopita, ameandika "mama, ona nyumba yetu inavyopanda," ni ya jirani yenu. Niliutambua mwembe. Ule mwembe uko upande wa jirani, na kuta zake za matofali mekundu ndizo hizo zilizofika kwenye linta, juu ya milango na madirisha.

Sikuandiki kukuuliza pesa zimekwenda wapi. Kidogo nakijua: mzigo wa nguo mliouchukua kwa wauzaji wa jumla wa Kikuubo, Kampala, wewe na mwenzako, na mwenzako ambaye simu yake haipatikani tena. Biashara huanguka. Wewe si wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho, na najua ulikuwa unataka kuzizalisha zile pesa, si kuzila. Ninachokuandikia ni yule binti.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Unajua niliacha kazi Kampala mwaka 2006, na nilikuambia bosi alikuwa mkali. Sivyo ilivyokuwa.

Nyumba ile ilikuwa Kireka. Mama mwenye nyumba, nilikuwa namwita madam, alikwenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, London mwaka 2003, kazi ya kutunza wazee. Alikuwa analea wazee wa watu huko, mimi nalea watoto wake watatu huku. Kila mwezi alituma pesa. Zile pesa ndizo zilizonunua ardhi, zikajenga, zikaweka geti na vigae. Lakini hati, na ilikuwa hati ya mailo, ardhi iliyopimwa kwa maili za mraba tangu Mkataba wa Buganda wa 1900, ilikuwa na jina la bosi peke yake. Wakati inanunuliwa madam alikuwa ughaibuni, na mumewe ndiye aliyekuwa anatembea maofisini. Mke alimwamini mumewe. Hata sasa simlaumu kwa hilo.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 40,000. Wewe ulikuwa na miaka 7, uko hapa Walukuba kwa bibi yako, unasoma bure chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Bure yenyewe unaijua: sare, madaftari, uji wa saa nne, na leo mwalimu anataka hiki, kesho kile.

Uongo ulianza mdogo sana. Madam akipiga simu, bosi ananiambia kwa ishara: sema nimetoka sasa hivi. Nasema. Jioni ananipa 1,000, "kanywe soda." Baadaye ikawa sema nimelala, wakati hakulala nyumbani siku mbili. Hiyo ikawa 5,000. Halafu akaniletea kitenge, doti nzima, siku ambayo nilimwambia madam kwamba yule mwanamke aliyepokea simu ni mpwa wa bosi. Mwanangu, sikuona kuwa nahongwa. Niliona bosi ni mtu mkarimu. Mtu wa kazi za ndani hapewi shukrani mara nyingi, akiipata haiulizi imetoka wapi. Kima cha chini cha mshahara katika nchi hii kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na mpaka leo hakijapandishwa. Ndiyo maana sisi tunapatikana kwa bei ya soda.

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa giza, sijui kama unaukumbuka. Ziwa lilikuwa limeshuka, mitambo ya hapa Jinja ikakosa maji ya kutosha, umeme ukawa wa mgao: leo upo, kesho haupo. Usiku mmoja wa giza bosi aliingia jikoni na mshumaa, daftari la shule na kadi. Akakaa kwenye kigoda changu. Akasema amepata mnunuzi wa nyumba, pesa taslimu, ila wakili wa mnunuzi anataka saini ya mke.

Ngoja nikueleze, maana nawe una nyumba na mume. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema nyumba inamokaa familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya maandishi ya mke au mume. Wanawake wa nchi hii waliipigania sheria hiyo, kwa sababu wengi walikuwa wanarudi kutoka sokoni wanakuta mtu mgeni anapima uwanja. Ilitungwa kwa ajili ya mtu kama madam. Lakini wakati ule kitambulisho cha taifa hakikuwepo. Kuandikisha watu kulianza 2014. Mtu alitambulishwa kwa barua ya LC, baraza la mtaa, na picha mbili za pasipoti. Barua bosi alikuwa ameshaipata. Alichokosa ni mwanamke wa kupigwa picha na kuweka saini.

Akaisogeza ile kadi karibu na mshumaa, na nikaijua. Ilikuwa kadi yangu. Madam alinitumia mimi, Idi ya mwaka 2005. Yeye Mkristo, lakini Idi yangu aliikumbuka, na aliandika kwa Kiswahili kwa kuwa alijua sisi watoto wa Walukuba tumekulia Kiswahili uani. "Asante kwa kunilelea wanangu." Chini yake saini. Niliiweka kwenye begi langu, katikati ya nguo, na bosi alikuwa amelipekua begi mpaka akaipata, kwa sababu ndiyo ilikuwa saini safi ya madam iliyomo mle ndani.

Jina lake liliishia na herufi yenye mkia mrefu, mkia unarudi nyuma na kupita chini ya jina zima kama kamba ya kuanikia nguo. Ule mkia ulinishinda. Niliandika ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bosi alinisimamia kama mwalimu. "Usikate katikati. Vuta kwa mara moja." Nta ilidondokea daftari. Kufika ukurasa wa tano mkia ulikaa sawa, naye akacheka kwa furaha, akahesabu noti kumi za 50,000 mezani. Laki tano. Mshahara wangu wa mwaka mzima na zaidi.

Nilizichukua, mwanangu. Nataka uusome mstari huu mara mbili. Mama yako alizichukua.

Kesho yake akatoa gomesi ya madam, lile gauni refu la heshima la wanawake wa huku, sandukuni. Bado ilinuka nafthalini. Nikaivaa, akanifunga mshipi mwenyewe, tukaenda studio. Mpiga picha akaniambia, "Madam, inua kidevu kidogo." Hakuna mtu aliyewahi kuniita madam. Nilipenda. Kwa muda wa picha ile moja nilipenda kweli, na sijawahi kumwambia mtu hilo mpaka leo.

Pesa nilizishonea ndani ya mto. Usiku nililala juu yake nikipiga hesabu: shule ya bweni yako, bati za nyumba ya bibi yako, cherehani. Siku ya kwenda kwa wakili ilikuwa Jumatano iliyofuata.

Jumapili madam akapiga simu, kama kila Jumapili. Akauliza kikohozi cha mtoto mdogo. Akauliza mkubwa anasomaje. Kisha akauliza, "Na mlango wa jikoni, umeshatengenezwa? Nilituma pesa yake." Nikasema, "Ndiyo madam, umetengenezwa." Na mlango ulikuwa mbele ya macho yangu, umening'inia kwenye bawaba moja, umefungwa na kamba ya katani. Bosi hakuwepo. Hakuna aliyenituma kusema vile, wala aliyenilipa. Mdomo ulijibu wenyewe.

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikumwogopa bosi wala polisi. Niliuogopa mdomo wangu. Usiku kucha nilikuwa natafuta ni lini mara ya mwisho nilimjibu yule mama neno la kweli, nikawa sikumbuki vizuri.

Jumatatu niliwapeleka watoto shule, nikapasua mto, nikapanda taksi hadi Lugazi kwa mama mzazi wa madam. Nikamwekea mezani laki tano, daftari na kadi. Yule bibi alilifungua daftari ukurasa mmoja mmoja, saini ya mwanawe imeandikwa mara mia na mkono usio wake. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimekula. Mchana huohuo waliipigia London, na baada ya siku mbili tatu kaka yake madam alikuwa amekwenda kwenye ofisi ya ardhi na mwanasheria wao, wakaweka zuio kwenye hati. Zuio likiwapo, ardhi haihamishwi kwa mtu mwingine. Mnunuzi akajitoa.

Bosi alilitupa begi langu juu ya geti usiku ule ule wa Jumatatu. Mshahara wa miezi miwili sikuupata.

Agosti madam alikuja. Akaniita Lugazi. Nilivaa nguo yangu nzuri, nikasuka nywele. Nilidhani atanikumbatia. Alinikaribisha kiti, akanihesabia 80,000, mshahara wangu wa miezi miwili, kamili. Akasema asante. Kisha akaniuliza: "Pesa ulikaa nazo siku ngapi?"

Nikamwambia: siku nne.

Akatikisa kichwa taratibu, akaangalia dirishani. Hakuniuliza kitu kingine, na hakuniita tena kazini. Baadaye nilisikia yeye na mumewe wamesuluhishwa na wazee, wanaendelea na maisha yao. Mwanamke mwingine alikuja kulea wale watoto.

Nilimkasirikia miaka mingi. Nilisema: nimemwokolea nyumba, naye ananihesabia siku! Siku hizi namwelewa zaidi. Alikuwa ameniachia watoto, si nyumba, na kila alichojua kuhusu watoto wake kwa miaka mitatu kilipitia mdomoni mwangu. Baada ya lile daftari, angejuaje kipi kilikuwa kweli? Kikohozi? Shule? Hata yale ya kweli niliyomwambia yaliharibika.

Sasa mwangalie yule binti wako. Ametoka Koboko, ni damu ya mumeo, na ndiyo sababu mkwe wangu anapopiga simu anasema "nipe huyo mtoto niongee naye." Anamwamini. Na wewe ndicho unachokinunua kwa 20,000, ile imani ambayo si yako. Tena nilikuona unaacha sarafu na noti juu ya friji kumpima kama ataiba, na uliniambia kwa fahari kwamba hajawahi kugusa. Mwanangu, asubuhi unampima uaminifu kwa sarafu, jioni unamlipa aseme uongo. Unataka awe mwaminifu kwa nani?

Na siku ikijulikana, maana mwembe ule hata mimi mzee niliutambua, nani atatoka nyumba ile kwanza? Si wewe. Wewe una watoto, una mahari, una wazee wa kuwakalisha. Mtagombana, mtalia, mtapatanishwa. Yeye begi lake litapita juu ya geti. Atarudi Koboko na jina la mwongo kwa watu wa ukoo wake mwenyewe, na hana bibi wa Lugazi wa kumkimbilia. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina mtoto. Huyu ana miaka 19.

Mfikirie na mumeo. Wanajeshi wetu wako Somalia tangu 2007, unajua wangapi wamerudi kwenye jeneza, huhitaji nikuambie. Mtu anayelala kule anahitaji kitu cha kufikiria usiku, na yeye anafikiria zile kuta. Wenzake wameiona ile picha. Kila siku unayongoja, anaionyesha kwa mtu mwingine.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla hajapiga simu, mwite binti chumbani umwambie hatasema tena neno lolote kuhusu nyumba, kwamba akiulizwa ajibu "muulize mama." Usimuulize kama ameniambia kitu. Hakuniambia. Nilimsikia mwenyewe. Zile 20,000 usimnyang'anye, mwambie ni za kazi yake, na mwezi huu mlipe mshahara wake wote tarehe ile ile, usipunguze kitu.

Halafu mwambie mumeo. Usimwandikie, mpigie, na uanze na msingi: umesimama wapi, majani yamefika wapi. Kisha mwambie kuhusu Kikuubo na kiasi gani. Picha iache mwisho, ndiyo itakayomuuma zaidi. Atafoka. Huenda akakata simu, akakaa siku tatu kimya. Vumilia. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeificha mpaka umemkodi mtoto wa watu akusaidie kuishika nguo.

Mgao wa chama chetu cha akiba utatoka Desemba, na mbuzi wangu wawili wako tayari kuuzwa. Havitafika kwenye linta. Vitalipa fundi afyeke yale majani na kuanza kozi mbili tatu za matofali, ili siku mumeo akirudi akute kitu chake mwenyewe, hata kama ni kifupi.

Kama unaona huwezi kumpigia ukiwa peke yako, ningoje. Jumamosi nitapanda taksi ya kwanza, nitapitia Masese kuchukua samaki. Nitakaa kando yako unapoongea naye, na akitaka kuongea na mimi nitaongea naye. Usimtume binti kunipokea stendi. Njoo mwenyewe.

Mama yako